Pembe ya Babu na Watu Aliowaita

Nyumba ya babu yangu iko juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka mjini Homa Bay, na ukisimama barazani unaliona ziwa lote mpaka linapokatwa na vilima vya ng'ambo. Mimi ndiye niliyeifufua. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wa kwetu hawaachi kunong'ona kwamba mtu akirudi na kitu lazima kuna mkubwa aliyemshika mkono. Mimi sikushikwa mkono na mtu. Nilitoka hapa na cheti cha sekondari, nikabeba zege Mombasa, nikaenda Uarabuni nikabeba zege tena, na huko huko, nikisoma baada ya kazi huku wenzangu wakilala, nikapata diploma ya ujenzi. Iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, na mgeni akiingia haikosi macho yake. Nimesimamia ghorofa ambazo ukizitazama kutoka chini shingo inauma. Kwa mtu kama mimi, kuta za mawe zilizokaa miaka bila paa, zimejaa popo na vichaka, zilikuwa kazi ndogo. Nilizisimamisha wima, nikapiga lipu, nikaezeka, nikarudisha baraza kama lilivyokuwa. Hakuna fundi wa kilima hiki ambaye angeweza, na wenyewe wanajua.

Kilichonishinda hakikuwa nyumba. Kilikuwa uwanja ulio mbele yake.

Babu alikuwa chifu wakati serikali ya Waingereza ilipokuwa bado mpya huku kwetu. Alikufa kabla sijazaliwa. Niliyoyajua juu yake niliyapata kwa bibi, aliyekuwa mke wake wa mwisho, msichana mdogo aliyeletwa kwa mzee. Bibi alinieleza jinsi kilima kilivyoamka siku hizo. Babu alikohoa mara moja asubuhi, na kila aliyekuwa karibu aliacha kuzungumza. Wanawake waliotoka ziwani na mitungi kichwani walitua mitungi, wakasimama kando ya njia mpaka apite. Wanaume waliolima barabara walikuja na majembe yao wenyewe na chakula chao wenyewe, na askari wa chifu walisimama nyuma yao na viboko. Alivaa koti la kijeshi lenye vifungo vya shaba juu ya kanzu, hata jua likiwaka namna gani.

"Akikasirika ulijua utapigwa," bibi aliniambia. "Ukatulia. Akicheka hukujua kitakachofuata. Tulimwogopa zaidi akicheka."

Nikiwa mtoto maneno hayo yalinifanya nilale nimejifunika uso. Nilipokuwa mtu mzima yalinipa fahari. Kila mtu ana babu, lakini wangu aliketi meza moja na mkuu wa wilaya. Nilipokuwa ng'ambo, nikidharauliwa na wasimamizi wasiojua hata kusoma ramani, nilijiambia kwamba mimi ni mjukuu wa mtu aliyeinua kidole na watu mia wakasimama. Nilirudi nikiwa nimeazimia kuifungua nyumba yake kwa sherehe, nisimulie maisha yake, vijana wajue kwamba hata sisi tulikuwa na watu wa maana.

Kulikuwa na jambo moja zaidi katika sherehe hiyo. Mke wangu ni Mkuria wa Kehancha. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, kwa sababu Kijaluo chake kinatosha soko na Kikuria changu kinatosha salamu na ugomvi. Kwa desturi yetu mwanamume hahamii boma peke yake. Usiku wa kwanza lazima alale humo na mke wake. Mke akikataa, hata uwe umejenga ikulu, hapo huna boma. Una jengo. Wakati wote wa kazi tulikuwa tumepanga chumba mjini, na tukakubaliana kwamba Jumamosi ya sherehe ndiyo tutakayolala kilimani. Alikuwa ameshafunga vyombo na magodoro. Miaka yangu yote ya kubeba zege ilikuwa inaelekea kwenye usiku huo mmoja.

Wiki ile nilikwenda Migori kuchukua pembe.

Ilikuwa pembe ya babu ya kuitia watu, ndefu, imepinda mara mbili, mdomo wake umefungwa ngozi. Baada ya kifo cha babu ilichukuliwa na baba mdogo, na baba mdogo alipofariki ikabaki kwa mjane wake, ambaye anauza nguo karibu na stendi. Nilimkuta amekaa nje. Nilipoitaja alinyanyuka, akaenda ndani, akarudi na kitu kimezungushiwa gunia, amekishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Unaipeleka wapi?"

"Nyumbani, mama mdogo. Niitundike barazani watu waione."

"Kuona, waone. Hutaipiga?"

"Nitaipiga Jumamosi, niwaite watu. Si pembe ni ya kupigwa?"

Alinitazama toka viatuni mpaka kwenye kofia. "Haya. Wewe ndiye umesoma," alisema. "Mimi nimelala juu yake tangu nimzike mume wangu, na sikuwahi kuthubutu hata kuifuta vumbi. Asante kwa kuitoa kwangu." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, mchana kweupe, na biashara yake ikabaki nje peke yake.

Nilicheka njia nzima mpaka Homa Bay. Nilimwona ni mama wa zamani.

Jumamosi asubuhi nilivaa suti. Hema lilikuwa limesimamishwa uwanjani, viti vimepangwa, fahali amechinjwa, masufuria ya wali yanachemka nyuma ya nyumba. Nilisimama barazani, mahali ambapo bibi alisema babu alisimama, nikaiweka pembe mdomoni. Nilidhani nitahangaika nayo. Sikuhangaika. Ilitoa sauti mara ya kwanza, sauti nene iliyoshuka kilima kama jiwe linalobiringika, ikafika ziwani, ikarudi.

Nilingoja kuona watu wakipanda.

Kwanza redio zilizimwa, moja baada ya nyingine. Nikasikia mwanamke akiwaita wanawe kutoka shambani, si kwa majina, kwa kelele tu. Kisha milango. Mlango wa bati ukifungwa kwa nguvu una mlio wake, na mimi niliusikia kutoka kila upande wa kilima. Mzee mmoja wa boma la jirani, ambaye kila siku namwona akijikokota na fimbo, alitoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwenye miwa, na fimbo akaiacha. Baada ya hapo kilima kikanyamaza. Hata watoto hawakulia.

Niliishusha pembe, nikabaki nikitazama njia.

Hakuja mtu. Saa ya chakula ilifika, wali ukashika masufuria, nyama ikapoa. Waliokuwepo ni vijana wawili wenye hema, na hao walitoka mjini. Mke wangu alizungukazunguka na leso mabegani akisema, "Watu wenu wana nini? Kwetu Kehancha ukichinja ng'ombe hata adui anakuja, anakula kwanza, mnagombana baadaye."

Mwishowe tuliona mtu mmoja getini. Alikuwa ajuza wa boma lililo chini yetu. Wote tunamwita Dani, yaani bibi. Nilimkimbilia kwa furaha.

"Karibu, Dani! Ingia, chakula kiko tayari."

Hakuingia. "Nani amepiga?"

"Ni mimi."

"Umewaita watu wa nini?"

"Wa sherehe, Dani. Tunafungua nyumba."

"Pembe hiyo haikuwahi kuita watu wa sherehe." Alitazama nyuma yangu, uwanjani, macho yake yakienda taratibu kutoka mahali hadi mahali, kama mtu anayefika mkutanoni na kutafuta uso anaoujua. "Nao wamekuja," alisema. "Ni wengi. Utawapa nini wabebe?"

Nilicheka, na kicheko changu mwenyewe hakikunipendeza. "Dani, hapa hakuna mtu. Ni viti vitupu."

"Viti hawakuwahi kupewa," alisema, akageuka, akashuka.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kijaluo chake cha soko kilitosha kuelewa hayo. Jioni aliwaambia vijana wa hema wayapakie magodoro yetu tena kwenye gari, na mimi nilipomuuliza, alinijibu bila kunitazama: "Mimi silali na watu nisiowajua."

Tulirudi kwenye chumba chetu cha kupanga, na kesho yake nilipanda kilimani peke yangu kupanga vitu, nikijisema kwamba mwanamke na ajuza wasinivuruge. Vijana walikuwa wakibomoa hema. Niliwatazama kwa muda kabla sijatambua ninachokiona. Mmoja alikuwa na mabomba begani, akiyatoa barazani kuyapeleka getini. Njia fupi ni kukata katikati ya uwanja. Yeye alipita ukutani, akazunguka uwanja mzima kwa ubavu, na mzigo ulikuwa mzito.

"Mbona unazunguka?"

"Nazunguka nini, boss?"

Aliitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi. Waliacha nusu ya viti vyao na kuondoka.

Kuanzia siku hiyo niliona kila kitu. Mama wa maziwa alifika mlangoni kwa kupita kando ya ua wa minyaa, akichomwa na matawi. Katekista, niliyemwomba aje kubariki, aliomba akiwa amesimama getini, akaniambia kwa upole kwamba yeye anaweza kuomba ila si yeye aliyeita. Kuku wa jirani walidonoa pembezoni tu. Nilileta futi ya chuma na kamba, nikasema nitapima uwanja niupige sakafu, kwa kuwa hofu ya watu huisha mahali palipowekwa saruji. Nilianzia getini. Nilipozinduka nilikuwa barazani na futi mkononi, suruali imejaa vumbi la ukuta upande mmoja. Nami nilikuwa nimezunguka.

Niseme jambo hili kwa mtu asiyenijua. Mimi nimetembea juu ya boriti, chini yangu magari yanaonekana kama punje za mahindi, na sikutoka jasho. Lakini nilisimama barazani kwa babu, saa sita mchana, ziwa linang'aa, na sikuweza kuvuka uwanja wangu mwenyewe. Kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya watu waliotembea mbali, jasho na vumbi na ngozi. Nilijaribu kuamini kwamba ni mabaki ya fahali.

Nikashuka kwa Dani.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuonyesha kushangaa. Alinielekeza kigoda kwa kidevu.

"Injinia," alisema. Ndilo jina walilonipachika hapa, na sijui kama ni heshima au kejeli. "Umeshindwa kupima?"

"Dani, niambie kitu gani kiko kule juu."

Alinieleza, huku mikono yake ikiendelea na mboga. Wakati Wazungu walipopigana wao kwa wao, Mwingereza na Mjerumani, serikali ilitaka wapagazi. Babu alitoka barazani akapiga pembe. Wanaume walipanda wakidhani ni kazi ya barabara kama kawaida. Askari wakafunga geti nyuma yao. Waliketi uwanjani, juani, mpaka walipopangwa mstari na kupelekwa Karungu, na mbele ya Karungu hakuna wa kilimani aliyejua walipita wapi. Mmoja wao alikuwa baba mkwe wake, ambaye alimwacha mke wake na mimba. Mimba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mume wa Dani.

"Hawakurudi?"

"Ungewaona wapi?"

"Basi walikufa vitani, Dani. Ni huzuni, lakini ni zamani."

"Umesema walikufa. Babu yako alikataza kusema hivyo." Aliweka mboga chini. "Wanawake walipoanza kulia, alitoka akawaambia hakuna aliyekufa. Hao wako kazini kwangu, alisema, na mtu halii kwa ajili ya mtu aliye kazini. Atakayelia atakuwa amesema nimeua. Basi nani angelia?"

Hapo nilielewa, kwa maana hata mimi niliyekaa ng'ambo najua desturi ya kwetu. Mtu akipotea, ziwani au ugenini, na mwili usipatikane, hatumwachi hivyo. Tunachukua yago, lile tunda refu la mti wa mwegea, zito kama mtoto, tunalizika kwenye boma lake kama mwili, tunalia, tunanyoa nywele, na mambo yanasonga. Asipozikiwa yago, hajafika. Na mke wake hawezi kuwa mjane. Mama mkwe wa Dani aliishi hivyo mpaka mwisho: hakunyolewa, hakurithiwa, hakuna mwanamume aliyethubutu kumwezekea nyumba, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu aliye kazini kwa chifu. Alikaa kwenye nyumba inayovuja, na majirani waliogopa hata kumpa pole.

"Kwa nini hamkumzika baada ya babu kufa?"

"Tulitaka. Wazee wakasema huwezi kuzika mtu aliyeitwa na hajaagwa. Aliyemwita ndiye amwambie rudi. Babu yako akafa bila kusema. Baba yako akahamia Migori. Baba yako mdogo akaificha pembe." Aliinua uso. "Wewe umewaita mara ya pili. Sasa waage. Mimi nimezeeka, Injinia. Nikifa kabla hajazikwa, nitaingiaje kwenye boma ambalo baba mwenyewe bado yuko nje?"

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba niliona aibu, nikaificha kwa hasira. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumsifu babu. Sasa nisimame mbele ya kilima kizima niseme aliwaita watu akawatupa? Nilirudi mjini nikamweleza mke wangu yote aliyosema Dani, kisha nikasema nitaupiga uwanja lami, nilete taa, nilete muziki, waone kama kuna mzimu unaoweza kukaa penye muziki.

Alikuwa anakunja nguo zake. Niliona kwamba zangu hakuzigusa.

"Unakwenda wapi?"

"Jumatatu naenda Kehancha."

"Kusalimia?"

"Kukaa." Alikaa kitandani. "Nilikungoja miaka yote ukiwa Uarabuni. Sikulalamika. Nilijua uko kazini. Kila mtu aliniuliza, mume wako yuko wapi, nikawa nasema yuko kazini, yuko kazini. Unajua ni neno gani hilo? Wewe ulikuwa na simu. Huyo mama mkwe wa Dani hakuwa na simu. Na wewe unaona haya kusema maneno mawili?"

"Si maneno mawili tu. Ni jina la babu yangu."

"Basi kalale na jina la babu yako. Usiku wa kwanza, wewe na yeye."

 Niliyaona magodoro yamesimamishwa ukutani, bado yamefungwa kamba, na nikaona jinsi nitakavyozeeka kwenye chumba cha kupanga, na jengo zuri kilimani ambalo si boma la mtu.

Nilimpelekea Dani habari kwamba nitawaaga, na Jumapili baada ya misa tulipanda, mimi na mke wangu. Dani alikuwa getini tayari na wanawe wawili, wazee wenye mvi. Walikuwa wameangusha yago, na alilishika mwenyewe kwa mikono miwili, limefungwa blanketi jipya. Mbali kidogo, njiani na nyuma ya ua, watu wa kilima walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekaribia.

Niliuliza kama nipige pembe. Wanawe walirudi nyuma hatua moja. Dani akasema hakuna mtu aliye hai aliyewahi kusikia mlio wa kuwaaga wale watu, kwa hiyo mtu akikosea atakuwa amewaita wengine. Ningesema kwa mdomo.

Nilisimama barazani. Uwanja ulikuwa mtupu, jua kali, vumbi limetulia.  Nilisafisha koo, nikasema, kwa Kijaluo, kwamba mimi ni mjukuu wa aliyewaita, kwamba kazi imekwisha, waende.

"Hivyo ndivyo mtu anavyofukuza kuku," Dani alisema kutoka getini. "Waliitwa na chifu. Watamsikia nani hapo? Sema kama aliyewaita."

Nilivuta pumzi. "Kazi imekwisha!" nilisema. "Hakuna mzigo! Doguru dala! Rudini nyumbani!"

Sauti iliyotoka sikuijua. Haikuwa kubwa tu. Ilikuwa sauti ya mtu asiyefikiri hata kidogo kwamba anaweza kukataliwa. Ilishuka kilima, na nyuma ya ua niliona watu wazima wakiinama, wote kwa pamoja, kama majani upepo ukipita. Mke wangu, aliyekuwa karibu yangu, alijitoa pembeni haraka na kushika nguzo. Na jambo linalonitisha mpaka leo si lile la uwanjani. Ni kwamba kwa kitambo hicho kifupi, watu wakiwa wameinama, nilijisikia vizuri. Nilitaka kusema tena.

Kisha nikasikia Dani akizungumza. Alikuwa amegeuka, ameanza kushuka njia na yago kifuani, na hakuwa akizungumza na sisi. Mkwe wa kike kwetu hamkaribii baba mkwe wala hamtazami usoni, na yeye, ajuza wa miaka hiyo yote, alitembea kando kabisa ya njia, uso ameuelekeza majanini, akiacha nafasi ya mtu mzima katikati.

"Pole pole, baba," alisema. "Hapa pana jiwe. Nyumba si ile uliyoiacha, ile ilianguka. Mimi ni mke wa mwanao. Hukuwahi kuniona. Mwanao alikuwa mtu mzuri. Twende, si mbali."

Watu walimpisha. Walipisha pana kuliko mwili wake. Alipofika bomani kwake tulisikia kilio kikianza, kwanza yeye peke yake, halafu boma lote, halafu kilima, hata watu ambao babu zao hawakuwahi kumjua mtu huyo. Walilia mpaka jioni. Sikujua kwamba watu wanaweza kuwa na kilio kimehifadhiwa kwa muda mrefu namna ile.

Usiku huo mke wangu alilala kilimani. Alifungua magodoro mwenyewe. Kwa hiyo nina boma, na ningependa kuishia hapo.

Lakini habari zilisambaa. Juma lililofuata walikuja watu kutoka upande wa Rangwe na yago lao, wakasema mtu wao naye aliitwa na pembe hiyo. Wakaja wengine kutoka karibu na Asumbi. Wakaja wa Karungu. Husimama getini, hawaombi maji wala kiti, wanasubiri nitoke. Wengine ni walimu, mmoja ni daktari, na wote wananitazama kwa macho yale yale. Nami hutoka barazani na kuwaagia mtu wao, na kila mara ni lazima niitafute ile sauti, kwa sababu kwa sauti yangu hawaridhiki. Siku za kwanza niliitafuta kwa shida. Sasa haichelewi. Wakishuka na yago lao, nabaki barazani mpaka chai ipoe. Sijui babu aliwaita wangapi. Hakuna anayejua.

Mke wangu huwapikia wanaokuja, ingawa wengi hawali. Hajasema tena habari za Kehancha. Ila mwezi uliopita nilikuwa sebuleni nikamwita aniletee miwani, jambo la kawaida tu. Alifika mbio, mikono imejaa unga, akasimama mlangoni bila kuingia. 

"Umeniita kwa ile sauti," alisema.

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia." Aliifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole. "Hao wa getini sema nao namna wanavyotaka. Mimi usiniite hivyo. Nitaondoka, na safari hii sitasema ninakwenda wapi."

Tangu siku hiyo, nikimhitaji, simwiti. Nanyamaza, nainuka, namtafuta chumba kwa chumba mpaka nimwone.